Mshono wa Kulia

Asubuhi ile nilikuwa nimelala chali chini ya mashua, napigilia pamba kwenye mishono ya mbao. Nahodha Shee, mwenye chombo, alikuwa kivulini na birika la chai, ananitania.

"Kazungu, wewe Mnyika, mtu wa bara, kwenu Vitengeni kuna mahindi na mbuzi. Mambo ya mashua umeyajulia wapi?"

"Malindi, Nahodha. Bahari siijui. Najua mbao."

"Utaijua. Kwangu fundi akiziba chombo, safari ya kwanza hukalia mshono wake. Ukivuja, wa kwanza kulowa matako ni yeye."

Mkewe, Bi Esha, alicheka, akajitwika kapu kwenda sokoni.

"Msiimalize chai yote," alisema.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilimaliza kidato cha nne Kaloleni, nikajifunza kuziba mashua Malindi, kisha miguu ikanipeleka Kismayu, Somalia, kwa sababu tu sikuwahi kufika. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya themanini. Tulikuwa tumesikia kwamba askari wa kambini hawaelewani. Tulisikia kama mtu anavyosikia ugomvi wa nyumba ya jirani.

Saa tano milio ilianza mjini. Saa sita watu walikuja mbio ufukweni. Askari walikuwa wakipigana wao kwa wao, na raia walikuwa katikati.

Mshono mmoja wa upande wa kulia ulikuwa bado. Tuliisukuma mashua majini vivyo hivyo.

Shee alisimama kwenye maji ya kiuno, birika la chai mkononi, akatazama njia ya sokoni.

"Tumngoje Esha."

Maji yalikuwa yanakupwa. Risasi zilianza kuchimba mchanga.

Bila Nahodha nisingeweza hata kutweka tanga.

"Nimemwona," nikasema. "Amepanda lori na dada yake. Wamekimbilia bara."

Sikuwa nimemwona.

Shee alinitazama, akapanda.

Nilirarua shati langu nikalisokomeza kwenye mshono kwa kisu, nikaukalia, nikaanza kuyakumba maji kwa kopo na kuyamwaga nje. Tulikaa mbali na pwani kwa kuogopa boti za askari, hadi nchi kavu ikapotea. Lamu tuliipita bila kuiona. Upepo wa kaskazi, wa mwisho mwisho, ulitusukuma kusini. Mawimbi yalikuja kwa nyuma, na kila lilipotuinua moja niliangaza pande zote nisione hata tanga. Shee alikuwa kwenye usukani, hatua tatu kutoka kwangu.

Siku ya pili aliuliza, "Lori la rangi gani?"

"Kijani."

"Alikaa mbele au nyuma?"

"Nyuma, na wanawake wengine."

Aliitikia kwa kichwa. Niliendelea kukumba. Kufikia jioni nilikuwa nimeanza kuliona lori lile mwenyewe.

Maji ya kunywa yaliisha asubuhi ya tatu. Ilibaki chai ya Bi Esha ndani ya birika, kikombe kimoja hivi. Shee hakuigusa, nami sikuthubutu kuiomba.

Kisha wimbi likavunjikia ndani.

Kopo lilikwenda nalo. Maji yalifika magotini.

Shee alifungua birika, akaimwaga chai baharini, akanirushia birika.

"Kumba, Mnyika! Kumba!"

Nilikumba.

Alasiri tuliuona mnara mweupe wa Malindi.

Wiki zilizofuata nilimaliza mshono ule, polepole, kwa pamba mpya. Shee alikuwa akimuuliza kila aliyefika kutoka kaskazini. Siku moja akaja mama mmoja aliyekuwa jirani yao. Alisema siku ile, alasiri, Bi Esha alikuwa ufukweni na kapu lake kichwani, akiwauliza watu ile mashua imekwenda wapi.

Nilikuwa nimesimama papo hapo, nyundo mkononi.

"Lori la kijani, eti," alisema Shee.

Kusi ilipoanza kuvuma kuelekea kaskazini, alijiandaa kurudi kumtafuta. Mzigo wote aliupanga nyuma. Juu ya mshono wa kulia aliacha nafasi ya mtu mmoja.

Alinitazama. Nilimwambia nina homa.

"Pole, fundi," akasema, akatweka.

Tangu hapo nimeishi Kilifi, Mombasa, Tanga, tena Kilifi, sikai mahali. Kila nikikutana na mtu wa kaskazini nauliza habari za Nahodha Shee na Bi Esha. Hakuna aliyewahi kuniambia lolote. Pengine tungengoja tungekufa sote watatu pale mchangani. Pengine Bi Esha alikuwa amebakisha hatua mia. Nimeyapima hayo mawili kwa zaidi ya miaka ishirini, na bado sijui lipi zito.

Mshono ule niliuziba vizuri. Nasema hivyo, lakini sikuukalia.