Mgomba Amekishika Kitabu Changu

Mimi ni mtu wa kushuku, nisifiche. Muuza maparachichi akiniongezea moja la bure, lile la bure ndilo nalibonyeza kwanza. Mama yangu kule Kinyala alikuwa hivyohivyo, na amezeeka bila kuibiwa hata kuku. Kwa hiyo siku nilipoingizwa kwenye grupu la wasomaji, jambo la kwanza nililojiuliza ni hili: hawa watu wanataka nini?

Grupu lilianzishwa na mama mmoja wa hapa Tukuyu, mstaafu wa maktaba, na lina sheria moja. Hakuna jina la mtu, hakuna cheo, kila mmoja ajiite jina la mmea. Ana sababu yake. Mwanzoni kabisa aliingia mchungaji mmoja, akasifia riwaya fulani, na baada yake watu wote wakaisifia, kumbe walioisoma ni watatu. Tangu hapo tukawa shamba: Parachichi, Mkunde, Mchaichai, Tangawizi. Mimi nikajiita Gimbi. Tunapendekezeana vitabu, tunagombania mwisho wa hadithi, na asiyesoma tunamjua upesi kwa sababu anasifia jalada.

Kazi yangu ni cherehani. Kitabu nakiweka chini ya meza, mteja akichelewa nasoma, na alama yangu ya ukurasa ni kipande cha kitenge, maana mabaki kwangu hayakosekani. Krismasi moja nilikuwa na riwaya ya mama mjane aliyejifungia ndani ya nyumba yake ili wanawe wasiiuze. Nilikwenda nayo ukweni, Kisondela.

Hapa niseme habari ya ukweni. Nina miaka kumi na moja ya ndoa na sijawahi kumwona baba mkwe usoni. Kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe, hasemi naye, hata jina lake halitaji. Akimsikia anakuja, anaondoka. Wenzangu wa mjini wananicheka, wengi wao wameshaacha, wanakula meza moja na wakwe na kupiga picha. Mimi nimelelewa hivyo, na mzee mwenyewe hajawahi kusema tuache. Ninachokijua kwake ni kikohozi, mabuti ya mvua mlangoni, na mgongo wa koti la kijivu nililoliona mara mbili kwa mbali. Nasikia alikuwa mwalimu.

Siku hiyo nilikuwa uani na mama mkwe, namenya ndizi, kitabu kiko pembeni, nakichungulia kila nikiweka kisu chini. Mjane kajifungia, wanawe wameondoka, halafu mlango unagongwa. Nani? Palepale nikasikia kikohozi kwenye njia. Mzee alikuwa amerudi mapema kutoka kanisani. Niliacha kisu, nikabeba kikapu, nikapita nyuma ya nyumba katikati ya migomba hadi barabarani, nikadaka bodaboda. Mama mkwe alicheka tu, kwake mkamwana anayekimbia ndiye mwenye adabu.

Kufika nyumbani, kitabu hakuna. Je, nilikumbuka ua wa Kisondela? Wala. Ningeapa kwa Biblia kwamba nilikitia kikapuni, na kikapu nilikuwa nimempa dereva wa bodaboda akiweke mbele yake. Basi mwizi akawa yeye. Miezi miwili nilimpita pale kijiweni kama simjui, na akinisalimia namjibu kwa pua.

Halafu mwezi wa pili, kwenye grupu, mwanachama mpya anayejiita Mgomba akaandika hivi: "Ninasoma riwaya ya mjane aliyejifungia. Kitabu si changu. Aliyekuwa nacho ameweka kipande cha kitenge cha njano ukurasa wa mia na arobaini, mlango unapogongwa, akaishia hapo. Anayeacha kitabu mlango ukigongwa ni mwoga."

Nilikuwa napinda suruali ya mtu. Nikaiacha mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi. Nikajibu mbele ya wote: "Au hakuacha, aliibiwa. Muulize aliyekuuzia." Watu wakacheka. Mgomba alikaa kimya siku nzima. Kesho yake akaandika neno moja: "Inawezekana."

Hilo "inawezekana" ndilo lililonichoma. Asiye na hatia hukana. Nikaona dawa yake ni kumwandikia pembeni, nijifanye rafiki, aropoke alipo, kisha nimfuate nikachukue mali yangu. Nikaanza na unyenyekevu. Nikamuuliza anaonaje yule mjane.

Alijibu kwa urefu, na alijibu vizuri, jambo lililozidi kunitia wasiwasi. Alisema wanawe wale hawakuwa na tamaa ya nyumba, walikuwa na hofu ya mama yao, na mtu akimwogopa mzazi huanza kugawa vitu vyake angali hai. Nikabisha. Nikamwambia amesoma kama mwanamume, kila mwenye kosa amemtafutia udhuru. Akaniambia nionyeshe ukurasa. Nikamtajia kutoka kichwani, maana kitabu anacho yeye. Akasema: "Umenishinda hapo. Hapo tu."

Ikaenda hivyo majuma. Asubuhi ananiuliza nimelala salama, mchana tunabishana. Alinipendekezea vitabu vya zamani ambavyo mama wa maktaba alinitolea kabatini kwake vikiwa na vumbi, na kila kimoja kilikuwa kizuri. Nikajua huyu mwizi si wa kawaida. Ila nilimnasa kwa jambo moja: kila nikimuuliza mwisho wa riwaya ya mjane, anakwepa. Nani aligonga mlango? Hasemi. Nikamwandikia wazi: "Wewe hata hujamaliza. Msomaji gani anaiba kitabu anasoma nusu? Nadhani hata mkeo hajui tabia yako."

Akaandika: "Mke wangu anaijua sana. Na wewe, kwa nini uliishia pale?"

Nikasema nilikatishwa na mgeni.

"Mgeni," akauliza, "au mwenye nyumba?"

Nikadhani anamzungumzia mjane. Nikaendelea kushona.

Mume wangu anapima majani ya chai, ni mtu mpole, lakini upole una kikomo. Mke anayecheka na simu huku sufuria linaungua si habari njema kwa mwanamume yeyote. Jumapili moja baada ya kanisa nilikuwa nafua, simu ikalia kwenye kigoda, akaiokota.

"Mgomba ni nani?"

"Mwizi wa kitabu changu."

"Mwizi gani anakuuliza umelala salama?"

Nikamweleza: kitenge, mtego, bodaboda. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo, hata masikioni mwangu mwenyewe. Alikuwa anapitisha kidole kwenye maongezi, juu, juu zaidi. "Miezi miwili," akasema. "Mimi hujawahi kuniuliza nimelala salama miezi miwili." Kisha akasema atampigia huyo mwanamume sasa hivi, amsikie. Akatoa simu yake, akaanza kunakili namba. Hakuimaliza. Simu yake ilikuwa imeshamletea jina la mwenye namba.

Alinigeuzia kioo. Kimeandikwa: Baba.

Mimi namba ya mkwe sikuwahi kuwa nayo, ya nini, wakati hata kumsalimia siruhusiwi? Mume wangu alikalia beseni lililopinduliwa, akashika kichwa. Nilikumbuka mambo matatu kwa mpigo: kikohozi, kisu nilichoweka chini, na kitabu kando ya maganda ya ndizi. Halafu nikakumbuka nilivyomwita mwizi. Nikakumbuka "hata mkeo hajui tabia yako". Nikafuta povu mikononi.

"Anajua ni wewe?" mume wangu akauliza taratibu, hasira yote imemtoka.

Nikachukua simu nikasoma upya tangu mwanzo. Katika nyumba ile mwingine anayebeba vitabu ni nani? Kitenge cha njano kilitoka kwenye gauni nililomshonea mama mkwe. Alijua tangu siku nilipojibu kwamba kimeibiwa. Ndiyo maana alinyamaza siku nzima. Alikaa na jambo hilo, mzee asiyeruhusiwa kusema na mimi, kisha akaamua kusema.

Mume wangu alisema ni hiari yangu, lakini macho yake hayakusema hivyo. Kuna shangazi zake kule Kisondela ambao neno likiwafikia, hakuna ibada wala harusi ambayo halitarudiwa: mkamwana anachati na baba mkwe, tena anamwita mwizi. Heshima ya mzee ingevuliwa mbele ya ukoo mzima kwa sababu ya mdomo wangu. Nikaifuta namba. Nikajitoa na kwenye grupu. Mama wa maktaba aliuliza kulikoni, nikasema cherehani imenibana.

Nililia, nisiseme uongo. Miaka yote hiyo nimeishi na watu wema wasiosoma. Nimempata mmoja wa kuniambia "onyesha ukurasa", na ndiye huyo mmoja ambaye sipaswi kumsikia. Dereva wa bodaboda nilimwomba radhi. Aliniuliza radhi ya nini, hakuwa amegundua kwamba nimemnunia.

Juma la tatu mume wangu alikwenda kwao akarudi na mkungu wa ndizi na mfuko. Ndani ya mfuko kulikuwa na kitabu changu. "Mama anasema ndaga fijo, asante sana, kwa gauni," akasema. "Na mzee anasema kitabu cha watu kirudi kwao." Nikauliza mzee alisema hivyo kwa sauti gani. Akasema alisema akiangalia mlango.

Nikakifungua nikitafuta barua, jinsi nilivyo. Barua hakuna. Kitenge changu kilikuwa palepale, mia na arobaini. Na juu yake, kimelazwa sambamba, kipande cha jani la mgomba lililokauka, kimekatwa kwa mkasi vizuri. Kurasa za kabla zilikuwa na alama ndogo za penseli, kila mahali tulipobishania. Baada ya pale, kurasa zilikuwa safi. Mzee hakuwa ameupita mlango ule. Tangu Krismasi alikuwa ameketi ukurasa wa mia na arobaini ananingoja, na mimi namwambia hajui kusoma.

Nilisoma sura moja, nikaacha. Nikahamisha kitenge na jani, vyote viwili, nikakirudisha kitabu mfukoni, nikamwambia mume wangu safari nyingine akiweke juu ya kigoda cha uani. Hakuuliza. Baada ya siku kumi kilirudi, penseli imepita sura yangu, alama zote mbili zimesogea sura moja mbele. Pembeni pa sentensi niliyoipenda kuliko zote alikuwa amechora kamstari.

Ndivyo tunavyosoma sasa. Sijavunja mila, wala yeye. Kisondela bado nakimbia nikisikia kikohozi, ila siku hizi kinaanza mbali zaidi barabarani na kinarudiwa mara mbili tatu, nipate muda wa kubeba vitu vyangu vyote.

Zimebaki sura mbili. Juma lililopita kitabu kilirudi na alama hazijasogea hata ukurasa mmoja. Namshuku mzee hataki kiishe. Nimekitazama, nami sikusoma neno, nimekirudisha vilevile.