Sungura Kwenye Kivuli cha Kanzu

Majina ya watu wote waliopita katika shamba langu la Mzenga ninayo kichwani, hata ya mbwa wao. Hapa sitayaandika. Wengine wameshalala, wacha walale.

Asubuhi za vuli, nikishaswali alfajiri, huwa nakaa kwenye kigoda nje ya mlango nangoja mwanga. Ukungu unakuwa umetanda bustanini, mikorosho inaonekana kama inaelea. Asubuhi moja ndipo nilipomwona. Sungura wa porini, ametulia katikati ya kunde zangu, jua linachomoza nyuma yake na kupenya masikio yake, mpaka nikaona vimishipa vyekundu ndani. Nilimtazama kama mtu anayeota. Kilichonizindua ni mdomo wake: ulikuwa unatafuna.

Kunde zile hazikuwa za kula tu. Siku naolewa kutoka Marui, mama yangu alinifungia mbegu zake kwenye pindo la khanga, nyeupe zenye jicho jekundu, na kila msimu nimepanda na kuweka nyingine. Mwaka huo wadudu waliingia kwenye kibuyu wakaacha unga. Zilizonusurika zilijaa kiganja tu, na zote nilikuwa nimeshazipanda. Sungura akizimaliza, basi, ndiyo zimekwisha duniani.

Nilimweleza mjukuu wangu kwenye simu, yule anayefanya kazi kule Kwala, kwenye bandari kavu.

"Bibi, si nitakununulia kunde Mlandizi? Zimejaa tele."

"Za sokoni simjui mama yao," nikamwambia.

Miche ilikuwa imekatwa mshazari, safi, kama kwa wembe. Nikatoa kanzu ya marehemu mume wangu, nikaivika miti miwili iliyopishana, juu nikaweka kofia yake. Mzee akasimama bustanini. Upepo ukija anainua mikono taratibu, anaishusha, na mimi nilipenda kumtazama, nikasahau hata chai yangu. Kwa siku chache sungura hawakuonekana. Halafu nikamkuta mmoja amejilaza kwenye kivuli cha kanzu, macho nusu, kama mtoto wa nyumbani. Marehemu naye hakuwahi kumfukuza mtu.

Jirani yangu ni mama wa Kisukuma. Walihamia na ng'ombe wao, wako ng'ambo ya korongo. Sisi Wazaramo na wao ni watani, kwa hiyo mdomo wake kwangu hauna kufuli, hata msibani. Siku hiyo akapita njiani, akasimama.

"Mtani! Nimemwamkia mumeo, hajaitikia. Hata huko alikokwenda hawakumfundisha adabu?"

"Anaitikia watu. Wanaonuka maziwa hawaitikii."

Akacheka mpaka akashika kiuno. Nilipomwonyesha miche akaacha kucheka. Jioni akarudi na ndoo ya mavi mabichi ya ng'ombe, yamekorogwa na maji, na kifagio cha majani. Akainama, akaanza kupaka.

"Wewe! Mboga ya Mwislamu unaipaka mavi?"

"Sungura anachagua chakula, mtani, si kama nyinyi mnaokula pweza. Jani lenye harufu hii hagusi." Akaniangalia. "Unataka mboga au unataka mbegu? Sema."

Kunde kwangu ni majani yake kwanza, yapikwe kwa nazi nzito, na ugali wa muhogo. Kupaka ni kukubali kwamba msimu wote sitachuma hata jani moja.

"Mbegu," nikasema.

Basi tukapaka. Mvua ikiosha, anavuka korongo na ndoo yake, ananitukana, tunapaka tena. Sungura aliendelea kuja na ukungu. Anasogea, anatikisa pua, anafikiri kidogo, anarudi kwenye nyasi. Nikaacha kumchukia. Nikawa namngoja nione jua likiwasha masikio yake.

Maganda yalipokauka tulikaa mkekani, mimi na yeye, tunapukuchua. Mbegu zikalala kwenye ungo, kila moja na jicho lake jekundu, zinanitazama. Mtani wangu akachota konzi nzima, akaifunga kwenye pindo la kitenge chake, mbele ya macho yangu.

"Mwizi! Hiyo ni mbegu ya mama yangu!"

"Kanishtaki. Mtani akichukua, amechukua."

Ndivyo utani wetu ulivyo. Nilimtukana kama inavyopasa, yeye na ng'ombe wake wote, naye akaenda zake akicheka. Lakini nilipoliona lile fundo likicheza kiunoni mwake anashuka korongoni, nikajiona mimi mwenyewe, bibi harusi, natoka Marui.

Msimu huu, ukungu ukiinuka, naona kunde zimetambaa ng'ambo, na harufu ya ndoo yake inanifikia hapa kigodani. Wadudu wakiingia tena kwenye kibuyu changu, najua pa kwenda kuiba.