Kubwa na Ndogo

Sitaki mtu aniambie "ni kompyuta tu." Wameniambia wengi, na wote nimewajibu vibaya.

Nina studio ya picha na video pale Gungu. Chumba cha mbele ni cha wateja, cha nyuma ni cha kompyuta, katikati pazia. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na diski ya zamani, nzito kama tofali, na humo ndimo ilimokaa video ya sherehe yangu ya kuagwa nilipoolewa. Kwa mtu mwingine ni watu wanakula pilau. Kwangu ni mama yangu yu hai, amemnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti, anaongea Kiha.

Mimi ni pacha. Kwetu pacha hata majina hawachaguliwi: aliyetangulia anapewa jina la mkubwa, aliyefuata la mdogo, basi, yamekwisha. Dada yangu ndiye mkubwa. Kwa sababu ya dakika hizo chache nimetumwa maji mimi, nimechagua gauni yeye akishachagua, nimeitwa "mdogo wangu" mpaka mbele ya wanangu. Mkubwa ni jalala, wanasema. Thubutu! Kwetu jalala nilikuwa mimi.

Sasa siku ile ya kuagwa, mama akasema mbele ya watu kwamba tulipozaliwa shangazi alitufunga kitenge kimoja, na alipotufungua hakuna aliyejua tena nani ni nani. "Nikampa ukubwa aliyelia zaidi," akasema. Wanaojua Kiha wakacheka hadi kufuta machozi, wengine wakabaki kuulizana kasema nini. Dada akashikilia kwamba mama alikuwa anatania, ananituliza tu nisilie. Tuligombana kwa hilo, mama mwenyewe akiulizwa anacheka tu, mpaka akafa, tukamzika Ujiji, na tukaendelea kugombana. Nikamwambia, ukija likizo tutakaa tuitazame ile video pamoja. Mtu akisikia sauti ya mama yake anajua kama anatania. Peke yangu, tangu msiba, sikuweza kuifungua.

Halafu diski ikaanza kugonga. Tak, tak, tak. Fundi wangu wa Rusimbi akasema diski inayogonga haiwashwi ovyo. Inakiliwe mara moja tu, pakishakuwa na pa kuhamia. Dada, ambaye anaishi Dar, akatuma diski mbili mpya za SSD, nyembamba kama biskuti. Zifungwe RAID, yaani ziwe pacha: unachoandika kwa hii kinaandikwa na kwa ile, moja ikifa mwenzake inavyo vyote. Nafungua bahasha, nakuta amezibandikia karatasi kwa mwandiko wake: KUBWA, NDOGO. Hata diski, jamani! Hata diski zizaliwe na mkubwa!

Fundi akazibandua zile karatasi akatupa, eti zinazuia joto. Akachomeka zote mbili, akawasha. Kompyuta ikaona moja.

"Bosi, hii nyingine feki," akasema, hata hajakaa vizuri.

Nikampigia dada nikamwambia amepigwa mjini. Akaniwakia, nami nikamwakia. Nilipokata simu nikamwambia fundi abadilishe, ya huku iende kule. Akabadilisha. Ile "feki" ikaonekana, ile nzima ikapotea. Kumbe diski hazina kosa, tatizo ni pale mahali pa pili pa kuchomekea. Akaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, akahangaika, akabadilisha kitu, akawasha tena. Diski mpya zote mbili zikatokea. Ya zamani haipo.

"Imekufa," akasema. "Pole sana, bosi."

Pole! Nilimfokea mpaka jirani wa saluni akaja kuchungulia. Nilimwambia, wageni wameingia mwenye nyumba akatoweka, na wewe unatoa pole badala ya kuuliza katoka mlango gani? Sauti ya kugonga bado naisikia, maiti inagonga? Nikamwambia ahamishe waya wa ile ya zamani, auchomeke pengine. Akauhamisha huku ananung'unika. Ikatokea. Pale mahali pa pili na ule mlango wa waya vilikuwa vinatumia njia moja. Ukimfungulia huyu, yule amefungiwa. Basi. Tumepigana mchana kutwa kwa ajili ya njia moja.

Zote tatu zikawa zimeonekana. Nikashusha pumzi. Akaja mteja wa picha za pasipoti, nikaenda mbele. Nikiwa nampanga mteja kidevu, nikamsikia fundi nyuma ya pazia anaongea na simu: "Kubwa na ndogo? Haya, sawa." Sikushtuka. Ningeshtukia nini? Hayo maneno nimeyasikia tangu nazaliwa.

Alikuwa amempigia dada. Mwenye studio niko upande wa pili wa pazia, ananisikia nikikohoa, yeye anapiga simu Dar kuuliza aunganishe diski zipi, kwa kuwa aliyetuma ni yule na yule ndiye mkubwa! Dada akajibu kama alivyoziandika: Kubwa na Ndogo. Lakini karatasi ziko kwenye pipa la taka. Kwenye skrini kulikuwa na mbili zinazolingana na moja iliyozizidi. Akatia alama kwenye ile kubwa, akatia alama kwenye moja ya zile ndogo. Programu ikamwuliza kwa Kiingereza kama ana hakika vyote vifutwe. Huyu bwana maswali hasomi, anajua tu jibu lake ni ndiyo.

Niliporudi, ile ya zamani ilikuwa tupu. Tukahangaika kuirudisha, ikagonga, ikagonga, ikanyamaza. Haijawaka tena.

Nikampigia dada.

"Umemwambia nini huyu mtu?"

"Aunganishe Kubwa na Ndogo."

"Kubwa ipi?"

"Mungu wangu!" Nikasikia alivyoelewa.

"Umefurahi?" nikamwambia. "Ushahidi umekwenda. Chukua ukubwa wako uule na ugali!"

Nilitegemea anijibu, kwa sababu hajawahi kuniachia neno la mwisho. Badala yake akaanza kuongea Kiha, taratibu, na ilinichukua muda kutambua kwamba hayo si maneno yake. Alikuwa anasema ya mama. Kitenge, shangazi, pale mama alipokohoa, pale aliposubiri watu wamalize kucheka. Yote, neno kwa neno, mpaka mwisho.

"Hakuwa anatania," akasema. "Nilikuwa nimekaa mbele yake. Niliona macho yake."

"Ulijua?"

"Nilijua siku ile ile."

Miaka yote hiyo! Ananiita mwongo, ananitazama usoni, na anajua! Laiti angekuwa Gungu siku ile, majirani wangekuja kutuamulia.

"Nisamehe, dada," akasema huku analia.

Hajawahi kuniita hivyo. Mimi ndiye ninayemwita dada. Sikumwambia nimesamehe, maana sikuwa nimesamehe, na mpaka leo sijui. Nikamwambia anyamaze kulia, arudie maneno ya mama tangu mwanzo, polepole, nirekodi.