Nilivyoiombea Mizabibu ya Minnesota

Cheka kwanza umalize ndipo nikusimulie, maana mimi mwenyewe haya bado haijaniisha.

Bosi wetu kwenye nyumba ya wazee hapa Minneapolis, mama Mzungu mpole, alikuwa anatafuta msimamizi wa zamu ya mchana, na mimi niliitaka zamu hiyo mpaka naiota, kwa sababu kwa zamu za usiku nilikuwa nimemwona binti yangu akiwa macho labda mara tatu tangu azaliwe (sawa, nne). Basi Jumamosi moja akatualika mimi na mwenzangu Achieng' kuonja waini kando ya mto Mississippi, kwenye viwanda vya unga vya zamani vilivyogeuzwa kumbi. Shida ni kwamba kanisa letu lilikuwa kwenye mfungo, sikuwa nimetia kitu tumboni tangu jana yake, nami nikaogopa kumwambia. Nikasema, "Asante bosi, waini naipenda sana."

Kumbe wenyewe huonja wakatema kwenye ndoo. Mimi niteme mbele ya mtu anayenizidi umri? Mama yangu angenisikia kutoka kwetu Nyamira, Kenya. Nikameza. Ya pili nikameza. Kufikia ya tano, mto ulikuwa unapita katikati ya kichwa changu.

"Wewe, tema," Achieng' akaninong'oneza. "Utatuaibisha."

"Niko sawa."

Mara yule aliyekuwa akitumiminia waini akaniuliza kama nina neno lolote kuihusu. Kwetu mgeni akiombwa neno husimama, kwa hiyo nikasimama, nikawasalimu wote katika jina la Bwana, nikafumba macho, nikaanza kuiombea mizabibu ya Minnesota mmoja mmoja. Achieng' akanivuta koti, nikayumba, nikashika meza, meza nayo ikanifuata, na ile ndoo yote ikamwagikia viatu vya bosi.

Hakukasirika, na hapo ndipo aliponimaliza.

"Umekula leo?" akauliza.

"Hapana. Nimefunga."

"Kama huwezi kuniambia mimi hapana kwa glasi ya waini, daktari akikosea dozi utamwambia nini?"

Zamu alipewa Achieng', na kwa haki.

Tangu siku hiyo nimeapa kwamba nikiulizwa chochote, naanza na hapana, halafu ndipo nafikiria. Juzi mke wangu aliniuliza kama nitakula. Nikalala njaa.