Pasi Niliyoitangaza Mwenyewe

Wengi hudhani pasi ya mpira wa kikapu huibwa na mwenye miguu ya kasi.

Hata mimi. Miaka ya themanini, Bungoma walitushinda hapa Kitale kwa kikapu kimoja. Wekesa, aliyenikaba, alikuwa mzito kama gunia la mahindi, lakini kila pasi yangu aliifikia mapema. Nikamlaumu Kamau, mwenzangu, kwa kuzubaa. Mpaka leo amenuna.

Asubuhi hii Wekesa amekuja kunywa chai.

"Mwalimu, si ulikuwa unaita pasi kwa Kikuyu?"

"Ndiyo. Ilikuwa siri yetu."

"Siri gani, bana? Mimi nimelelewa Kachibora. Majirani wote Wakikuyu."

Kumbe hakukimbia. Alinisikiliza tu.

Na mbinu hiyo ya kuita pasi kwa Kikuyu nimeifundisha shuleni miaka mingi. Chekeni.

Kamau, simu inayoita ni yangu. Pokea.