Bei ya Mbwa Mwenye Mvi

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nikae chini kwenye sakafu ya saruji, katikati ya kundi la mbwa, nami nimevaa leso mpya niliyoinunua Malindi kwa ajili ya siku hiyo. Mkurugenzi, mama wa Kitaliano mfupi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, alisimama mlangoni akinitazama. "Kaa hapo. Usiwaite," alisema. "Waache waje wenyewe." Nikakaa. Akaja mmoja akaninusa kisigino, akaenda zake. Akaja mwingine akanikoholea usoni. Wa tatu, jike jembamba lenye kovu shingoni, alizunguka mara mbili kisha akajilaza juu ya ile leso mpya na kufumba macho. "Basi," akasema Mkurugenzi. "Kesho njoo mapema, na usivae nguo nzuri."

Nyinyi mnaosoma haya hamjui ilivyokuwa. Kwetu Dabaso mbwa alikuwa kitu cha kurushiwa jiwe. Nilipomwambia mama yangu nimepata kazi kwenye kituo cha kuhifadhi mbwa, upande wa Watamu, aliniuliza, "Na mshahara utalipwa na mbwa wenyewe?" Alicheka mpaka akashika mbavu. Nilipoleta unga na sukari mwisho wa mwezi alikoma kucheka, akaanza kuuliza habari za mbwa kwa majina.

Kazi ile ilikuwa na utaratibu wake. Mbwa akiletwa hakuchanganywa na wenzake. Aliwekwa kwanza karantini, chumba cha peke yake, tukimtazama kama anakula, kama anatokwa na udenda, kama macho yake yametulia. Tulikuwa tunaogopa kichaa cha mbwa, na mtu asiyekiogopa hajawahi kukiona. Akitoka huko alichanjwa, akapewa dawa ya minyoo, akaogeshwa kuua kupe. Kisha daktari wa mifugo, kijana wa bara aliyekuwa haachi kulalamikia joto, alimhasi, au kama ni jike alimfunga kizazi, na kumkata alama ndogo sikioni ili ajulikane. Chakula kilikuwa ugali na vichwa vya samaki. Mpaka leo nikisikia harufu ya vichwa vya samaki vikichemka nahisi nimechelewa kazini.

Baada ya miaka kadhaa Mkurugenzi alinitoa mabandani akanipeleka kwenye tawi letu dogo la upande wa Kuruwitu, niwe mpokeaji wa watu wanaotaka kuchukua mbwa. Wee! Huko ndiko nilikojifunza binadamu. Mtu alikuja ametabasamu, amechagua mbwa wake, mkono uko kwenye kamba, namwambia kuna ada. "Ada ya nini?" Namweleza: ya chanjo, ya kuhasi, ya dawa, ya chakula alichokula hapa. Nikimtajia kiasi, anaruka. "Pesa ya mbuzi mzima? Mbuzi nitamla. Huyu nitamfanyaje?" Mwingine aliniambia, "Mama, huko barabarani wamejaa, hawana mwenyewe." Nikamjibu, "Basi nenda ukamkamate, na akikuuma urudi nikuonyeshe njia ya hospitali." Nilikuwa na mdomo, sikatai.

Na ada haikuwa yote. Kulikuwa na ukaguzi: nilikwenda mpaka nyumbani kwa mwombaji kuangalia kama kuna kivuli, kuna maji, na kama mbwa atafungwa mnyororo mchana kutwa. Mkurugenzi hakuwa na mchezo na hilo. Alimnyima mbwa mwenye hoteli mmoja mbele ya wageni wake.

Basi asubuhi moja akaja bibi kizee kutoka Junju, huko ndani, si kando ya barabara kuu. Jina lake Dama. Nilimwamkia, "Shikamoo, Hawe," maana kwetu Wagiriama bibi ndiye hawe. "Marahaba, mwanangu." Alikuwa mkavu, wima, leso mbili safi, na nywele nyeusi tititi. Nikamkaribisha kiti. Aliponigeukia jua likampiga usoni nikaona nyusi zake ni nyeupe pe.

Alikuwa amezipaka nywele piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maharusi. Mtu wa kwetu hahitaji kuambiwa zaidi. Huko vijijini kwetu pwani mzee akishaota mvi, na ana shamba, na kuna wanaolitaka, humalizika kwa neno moja: mchawi. Likishasemwa, halifutiki, na aliyetajwa huweza kukatwa mapanga usiku. Wazee hujipaka piko ili wasionekane wazee.

"Nataka mbwa anayebweka," alisema.

"Ni nani anakusumbua, Hawe?"

Alitazama mikono yake. "Mtoto wa shemeji yangu. Mume wangu alipokufa hakuwa na neno. Sasa wanunuzi wa viwanja wamefika Junju, kila siku anapita na watu wa kupima kwa kamba. Nimemwambia siuzi, nitazikwa hapa. Juzi mtoto wake aliugua tumbo. Nikasikia kisimani kwamba mimi ndiye niliyemtazama kwa jicho baya." Akaivuta leso begani. "Mwanangu, mimi siogopi kufa. Naogopa kufa kwa jina hilo. Wajukuu zangu wataishi nalo."

Nilienda kwake kufanya ukaguzi kama sheria ilivyotaka. Nyumba ya udongo iliyofagiliwa vizuri, minazi, mihogo, kivuli tele, mtungi wa maji. Ua hakuna. Nilipokuwa naangalia, huyo mtoto wa shemeji akaja, mwanamume wa makamo, shati limepigwa pasi, adabu zimejaa. "Karibu, mama. Ninyi ndio wa mbwa?" akaniuliza. "Huyu bibi yetu hahitaji mbwa. Hapa sisi sote ni ndugu. Mbwa atazuia watu kuja kumjulia hali." Alikuwa anatabasamu. Nilimjibu kwa upole kwamba mimi naangalia kivuli na maji tu.

Nikarudi nikamweleza Mkurugenzi, ambaye siku hiyo alikuwa amekuja kukagua tawi. Alisikiliza, uso ukamwiva. Akapiga meza. "Ada hakuna! Ua, mimi najenga! Mpe yule mkubwa mweusi. Kesho tunampeleka kwa gari, bure kabisa." Nami nilifurahi, nakwambieni, nilitamani nimkumbatie. Yule mweusi alikuwa dume la kutisha. Hata daktari alimpitia mbali.

Hawe Dama aliporudi kusikia jibu, Mkurugenzi akiwa kando yangu, nilimpa habari hiyo kwa Kigiriama kama mtu anayetoa zawadi ya harusi. Hakutabasamu.

"Mwambie mama ahsante," alisema. "Lakini mkinipa hivyo, mmeniua."

Mkurugenzi akanitazama kama nimekosea kutafsiri. Sikukosea.

"Mimi ni mtu niliyeshatajwa," Hawe akaendelea, polepole, kama anayemfundisha mtoto kusuka ukili. "Kukipambazuka watu waone kwangu pana mbwa mweusi mkubwa, hakuzaliwa kijijini, sikumnunua, hakuna aliyeona akija ila gari lenye vioo. Watauliza katoka wapi. Na jibu watajipa wenyewe. Hapana. Mimi nataka kumlipia. Nataka nilipe mbele za watu, wachoke kuniona nalipa."

"Utalipa na nini, Hawe?"

Aliinua macho akatazama paa la banda letu. Makuti yalikuwa yameoza, tunavujiwa kila mvua. "Hayo nani aliyewasukia?" akauliza. "Alikuwa na haraka."

Kisha akaomba kuwaona mbwa. Nikampitisha kote. Yule mweusi alimrukia wavuni kwa kishindo. Hawe alimwangalia tu, akapita. Mwishoni kabisa, banda la pembeni, kulikuwa na jike la rangi ya kahawia tuliloliita Tunu. Alikuwa mzee. Mdomo mzima mweupe, mvi mpaka kwenye kope. Miaka alikuwa nasi. Watu walimpita kama ndoo. Nani alipe pesa ya mbuzi kwa mbwa aliyebakiza siku za kuhesabika? Hawe alisimama hapo. Tunu akainuka, akabweka mara moja kwa sauti nzito, kisha akaja kunusa vidole vyake kwenye wavu.

"Na huyu, na mvi zake hizi, mnampa chakula?"

"Ndiyo, Hawe."

"Na hakuna anayemnenea mabaya?"

Nilitikisa kichwa: hakuna.

"Basi nampenda huyu," akasema. Tukapatana bei: makuti ya kuezeka banda letu lote.

Jamani, niliyoyaona baada ya hapo sijawahi kuyaona tena. Bibi yule alikaa mbele ya nyumba yake, kando kabisa ya njia ya kwenda kisimani ambapo kila mtu lazima apite, akaanza kusuka makuti. Siyo ndani, siyo nyuma ya nyumba. Njiani. Anayepita humwuliza, "Hawe, makuti ya nani mengi hivi?" Naye humjibu, "Nanunua mbwa." Watu walicheka. Kesho wakauliza tena, akajibu vilevile. Wanawake walianza kukaa naye kupumzika na ndoo zao, wakimtania kuhusu mbwa wake wa bei, na mikono ya wanawake wa kwetu haiwezi kukaa bure palipo na makuti. Nao wakashika moja moja wakasuka. Nilipokwenda kumtembelea nilikuta nusu ya kijiji wanaijua bei ya Tunu kuliko mimi niliyeiweka.

Siku ya kukabidhi tuliichagua iwe siku ya chanjo. Daktari alikuwa akienda vijijini kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, na safari hiyo tuliweka meza yetu kwenye uwanja wa shule ya msingi ya huko Junju. Naibu wa chifu alikuwepo, watoto wamewaburura mbwa wao kwa kamba za katani, kelele tupu. Mtoto wa shemeji naye alikuwepo, shati limepigwa pasi, mikono nyuma. Nilimleta Tunu nimemwogesha.

Ndipo wanawake wakatokea, wamejitwika makuti vichwani, mstari mrefu. Na mbele yao Hawe Dama. Uwanja ulinyamaza mpaka mbwa wenyewe wakashangaa. Alikuwa ameacha piko tangu alipoanza kusuka, na nywele zilizopakwa ameshazikata. Kichwa kitupu, leso ameiteremsha mabegani, na nywele zake nyeupe zinang'aa juani kama pamba iliyopasuka. Watu wengi pale hawakuwahi kuziona. Daktari wetu, aliyekuwa hanyamazi, alibaki ameshika sindano hewani.

Makuti yakatuliwa mbele ya meza. Hawe akamshika Tunu kamba, mvi kwa mvi, akaugeukia umati.

"Mbwa huyu nimemnunua," alisema. "Bei yake mmeiona nikiisuka, na wengine mmeisuka nami. Anaitwa Tunu. Akibweka, jueni mtu amekuja kwangu. Na siku mkimsikia kanyamaza, njooni mumwulize aliyekuja." Hakumtazama mtu. Hakuhitaji. Nyuso zilianza kugeuka zenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka zote zikawa zinamtazama yule mwenye shati la pasi. Akakohoa. Akasema kwa sauti ndogo, "Hongera, mama." Naibu wa chifu akasema mbele ya wote kwamba amesikia, na kwamba yeye mwenyewe atakuwa akipita. Mkurugenzi, aliyekuwa kaja kwa gari lake, alikuwa analia waziwazi. "Kadzo," aliniambia, "miaka yote nawatoza watu ada, nilidhani ni ya dawa."

Makuti yale yalidumu kuliko yote tuliyowahi kuezeka.

Nimestaafu sasa. Magoti yamechoshwa na sakafu, na vijana wa kituoni wana mambo ya simu, mtu anachagua mbwa kwa picha. Sina ugomvi nao. Wakinijia kuniuliza watoze kiasi gani, nawaambia watoze, wasione haya, ila wakae na mtu wamsikilize anataka kununua nini. Wengine hununua mlinzi. Wengine hununua sauti moja ya kusikia ndani ya nyumba jioni. Mimi nilifanya kazi ile kwa sababu ya unga na sukari, na nilitoka nimestaajabu, na bado nastaajabu nikiwa jikoni peke yangu.

Mwezi uliopita nilikuwa nachambua kunde, simu ikalia. Alikuwa naibu wa chifu wa Junju. Baada ya salamu akasema, "Mama Kadzo, nimeona nikujulishe. Hawe Dama amefariki."

Kunde zilinimwagika. Kwetu sisi, kwa mtu aliyewahi kutajwa, kuna swali moja tu, na nililiogopa kuliko chochote nilichowahi kukiogopa katika kazi yangu.

"Amekufa na nini?" nikauliza.

"Uzee tu, mama," akasema. "Alikunywa uji, akasema anajinyoosha kidogo."

Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikakaa chini palepale juu ya kunde, nikalia kwa furaha mpaka majirani wakaja kuuliza nimefiwa na nani.