Uzito wa Mbele

Nilioa Makoko nikiwa mtu wa Butiama, mtoto wa wafugaji, ambaye ziwa alikuwa akiliona tu akienda Musoma mjini kwa shughuli nyingine. Kazi yangu ilikuwa injini. Nilijifunzia Kiabakari, kwenye karasha za kusagia mawe ya dhahabu, na baadaye nikafungua kibanda cha kutengeneza pikipiki. Sikuwahi kufikiri kwamba ningefanya kazi majini.

Baba mkwe alipofariki, aliacha mtumbwi wa mbao na injini ya nguvu za farasi kumi na tano. Vijana wake wawili walikuwa Bunda na biashara zao za nguo. Mama mkwe akatuma maneno kupitia kwa mke wangu.

"Mama anasema mtumbwi utaoza pale ufukweni. Anasema wewe unajua injini, uje."

Sikuweza kumjibu mwenyewe. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Tulikuwa tumeishi hivyo tangu posa. Alikuwa anajua sauti yangu kwa kuisikia ikitoka chumba cha pili, na mimi nilimjua zaidi kwa mgongo, akiwa ameinamia mafiga au akitokomea nyuma ya nyumba kila nilipobisha hodi. Nikamwambia mke wangu amjibu kwamba nitakuja, na tukahamia Makoko.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza. Asubuhi unakwenda kwenye kambi za visiwani, unanunua sangara, unawarudisha mwaloni, soko la samaki la ufukweni, ambako gari la barafu linasubiri. Anayefika mapema anauza wote. Anayechelewa anakuta gari limejaa, anabaki na samaki wanaolegea juani. Sisi tulichelewa karibu kila siku. Mitumbwi yenye injini kama yetu ilitupita, watu wakitupungia mikono. Haukupita muda mwaloni wakaanza kuuita mtumbwi wetu Mazishi, kwa sababu ya mwendo wake.

Jina hilo lilimfikia mama mkwe. Hakuwa amevua bado nguo za msiba. Jioni mke wangu alikuja kunikuta nikiosha mikono.

"Mama anasema mtumbwi wa marehemu hauitwi hivyo. Anasema uukimbize."

Nilianza na kile nilichokijua. Nikasafisha kabureta, nikabadilisha plagi, nikachuja petroli. Injini haikuwa na kasoro. Nikauvuta mtumbwi nchi kavu kwa msaada wa watu, nikaulaza ubavu. Tumbo lake lilikuwa limeota ukoga wa kijani kama jiwe la mtoni, na juu yake lami imepakwa tabaka juu ya tabaka, mabonde na vilima. Nikakwangua mpaka mbao zikaonekana, nikaziba nyufa kwa pamba, nikapaka rangi mara moja tu, laini. Propela ilikuwa imepindwa na mawe kwenye ncha zake. Nikaipeleka Kiabakari kwa mwenzangu wa zamani mwenye vifaa, tukainyoosha na kuipiga msasa.

Tuliporudi majini ulikwenda vizuri zaidi, lakini haukukimbia. Nikizidisha mafuta, nyuma ilizama na pua ikainuka mpaka sikuona mbele. Mtumbwi ulikuwa kama mtu anayepanda ngazi asifike juu. Nikaiinua injini kidogo kwa kipande cha ubao, maana ilikuwa imezama mno na kukokota maji. Nikasogeza pini inayoshikilia pembe yake tundu moja. Nafuu, lakini pua bado juu. Shida iliyobaki ilikuwa uzito: dereva nyuma, dumu la petroli nyuma, sanduku la barafu nyuma.

Nilijaribu mifuko ya mchanga mbele. Lakini kila nilipotaka kuihamisha ilibidi nisimamishe mtumbwi, na ukishasimama hujui tena ulichokuwa unapima. Nilihitaji mtu wa kukaa mbele na kusogea huku tukienda. Mke wangu alikuwa amejifungua na bado alikuwa ndani. Watu wa mwaloni nisingewaita, wangepata la kucheka wiki nzima.

"Mama anasema atakaa yeye," mke wangu aliniambia.

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. "Anasema pia, bila kuvaa boya hakuna anayepanda."

Kesho yake, mitumbwi mingine ikiwa imeshaondoka, alikuja ufukweni amejifunika kanga kichwani, amevaa boya kifuani. Nikageukia ziwa mpaka alipokaa. Alikaa mbele kabisa, akinipa mgongo, simu yangu mkononi mwake, programu ya kupima mwendo kwa kilomita za saa ikiwa imewashwa. Mke wangu ndiye aliyekuwa amemwelekeza namna ya kuisoma.

Tulipofika maji mapana nikafungua mafuta. Baada ya muda akasema kwa sauti, akiyaambia maji, "Simu hii inasema ishirini na moja."

Pua ilikuwa imeshuka, lakini sasa imeshuka mno, inachimba. Alipaswa kurudi nyuma ubao mmoja. Nikajiuliza nitamwamrishaje mama mkwe. Mwishowe nikaiinamia injini, nikaiambia, "Labda uzito wa mbele ungerudi nyuma kidogo."

Mara neno liliponitoka nikalijutia. Mabega yake yalitikisika. Sikujua kama ni hasira au kicheko. Akainuka nusu, akarudi ubao mmoja.

"Uzito umerudi," akayaambia maji. "Ishirini na nne."

Tukaendelea hivyo asubuhi nzima, yeye akizungumza na ziwa na mimi na injini. Alirudi ubao mwingine, mwendo ukapungua. Akaenda mbele nusu ubao, ukapanda. Kisha mtumbwi ukafanya jambo ambalo sikuwahi kulisikia: sauti ya maji chini ya mbao ikabadilika, ikawa nyembamba, na tukaacha kupanda ile ngazi. Tulikuwa tunateleza juu ya maji. Yeye akapiga kelele namba ambayo sikuisikia kwa upepo.

Nikaona tumekwenda mbali, nikakata kona kurudi. Nilikata kama nilivyozoea kukata mtumbwi ulipokuwa mzito. Lakini injini sasa ilikuwa juu zaidi, propela ikameza hewa, ikalia, mtumbwi ukateleza ubavu kisha ukashika ghafla. Nilijikuta majini.

Injini ile ilikuwa ya zamani, haikuwa na kamba ya kujifunga mkononi ili ijizime dereva akianguka. Mkono wa usukani wa injini ulijipinda, na mtumbwi ukaanza kuzunguka kwa mwendo uleule, mimi nikiwa ndani ya duara lake. Boya lilinishikilia juu, kuogelea sikujua. Uliponipita mara ya kwanza niliiona propela ikipita karibu, nyeupe kwa povu.

"Tulia hapohapo wewe! Usije huku!" alipiga kelele.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kuniambia mimi moja kwa moja.

Nilimwona akitambaa kwa magoti kutoka mbele, akishika mbao moja baada ya nyingine, mtumbwi umeinamia upande. Ulipita tena. Kisha sauti ikakatika, na nikasikia pumzi zangu. Alikuwa amebonyeza kitufe chekundu. Baadaye aliniambia, "Marehemu alikuwaga anaizimia hapo." Akachukua kasia. Alikuwa amezaliwa kijiji cha ziwani, na alilipiga kasia kama mtu anayepepeta nafaka, bila haraka. Akafika, akaninyakua kwa mkanda wa boya, halafu kwapani, akajiegemeza kwa magoti na kunivuta mpaka nikaanguka ndani kama sangara mkubwa.

Tulilala ndani ya mtumbwi tukihema. Kanga yake ilikuwa imekwenda na maji. Nikageuza uso.

"Geuka tu," akasema. "Umeshaniona."

Nikageuka. Alikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyodhani, na kovu dogo kwenye paji la uso ambalo mke wangu hakuwahi kunitajia. Nikamwambia asante, mama. Akaitikia kwa kichwa, akachomoa simu kifuani, akaipangusa kwa gauni.

"Kabla hujaanguka ilisema ishirini na tisa."

Tulirudi polepole, yeye amekaa ubao wa katikati, uso ameugeuzia nyuma, kwangu.

Jambo hilo la kugusana lilibidi lisemwe. Mwenyewe alitaka lisemwe kabla watu wa mwaloni hawajalisema. Wakaitwa wazee wa upande wa marehemu, na baba yangu akaja kutoka Butiama na mbuzi. Katekista alisali. Baba hakufurahi. Alisema kwetu halijatokea, na kwamba nilipaswa kutafuta mtu mwingine wa kukaa mbele. Mama mkwe alisimama kando ya mlango.

"Nilimshika kwapani, nikamvuta. Angekuwa mwanao, mzee, ungependa nimwache mpaka nimwite mtu mwingine?"

"Ni mwanangu," baba akasema.

"Basi."

Wazee walinong'ona. Tukaambiwa tupeane mikono mbele yao. Mkono wake ulikuwa mkavu na wenye nguvu, na aliuondoa upesi. Kisha mbuzi akaliwa.

Sanduku la barafu nililihamisha, nikalifunga mbele ya katikati, pale mama mkwe alipokuwa amekaa mwendo ulipofika juu. Dumu la petroli likafuata. Kona nakata kwa kupunguza mafuta kwanza, na mkononi nina kamba niliyoitengeneza mwenyewe. Mtumbwi ukiwa mtupu unateleza. Ukiwa na samaki hauwezi, hakuna injini ya kiasi kile inayoweza, lakini tunawahi kambini kabla ya wengine, na huko ndiko muda wetu ulikokuwa unapotea.

Siku hizi mama mkwe hunipigia simu mwenyewe, mara nyingi kuuliza upepo ukoje. Anazungumza kwa kifupi na hukata kabla sijaaga. Baba yangu anapokuja kututembelea, hata hivyo, mama mkwe huingia jikoni, mimi hutoka uani, na maneno yetu hupitia kwa mke wangu mpaka mzee apande gari la Butiama.